Kila kazi inatafuta faida, lakini je, zote zinaipata mahali pamoja?

Randa na Msumeno (mleta mada)

Wadau, ninaomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Nina karakana ya samani ambayo nimeiendesha kwa miaka 11. Kila ninapopanga bei, ninajumlisha mbao, gundi, misumari, vanishi na ujira wa mafundi wawili, kisha ninaongeza 40 juu ya kila 100 niliyotumia. Kwa hesabu hiyo nimekuwa nikijiona mtu mwenye faida nono. Rafiki yangu anauza kwa jumla bidhaa za matumizi ya kila siku, na anaapa kwamba katika kila 100 ya mauzo yake hazimbakii zaidi ya 3 baada ya kulipa kila anachodaiwa. Tulianza mwaka mmoja, kwa mtaji unaolingana. Leo yeye ana maghala matatu, ilhali mimi bado ninafungua mlango uleule, na kila mwisho wa mwaka nikiitafuta ile 40 sioni ilipokwenda.

Nilipoanza kusoma habari za biashara kubwa, mkanganyiko ulizidi. Kampuni kubwa za maduka ya rejareja hubakiwa na 2 au 3 katika kila 100 ya mauzo, na bado ni miongoni mwa kampuni kubwa kuliko zote duniani. Watengenezaji wa programu za kompyuta hupata faida ghafi, yaani ile ya kabla ya kutoa gharama za uendeshaji na kodi, ya 70 au 80 katika 100, lakini wengi wao hufunga milango kabla hujalizoea jina lao. Mashirika ya ndege husafirisha mabilioni ya abiria kwa mwaka, na hata katika miaka mizuri hubakiwa na dola chache tu kwa kila abiria. Wote hawa wanasema wanatafuta faida. Je, ni kitu kimoja wanachokitafuta? Na mtu wa kazi ndogo kama mimi atumie kipimo gani ili ajue kama kazi yake inalipa, au kama wakati wa kubadili kazi umefika?

Bibi Daftari

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi, na karibu kila fundi niliyemtunzia vitabu alikuja na swali lako, ingawa si wote walioliuliza kwa utulivu kama wewe. Nianze na jambo dogo linalouma. Ile 40 unayoongeza juu ya 100 ya gharama si faida ya 40 katika 100. Umeuza kwa 140, na 40 katika 140 ni takriban 29 kwa kila 100 ya mauzo. Rafiki yako anapotaja 3 anazungumzia mauzo, na wewe unapotaja 40 unazungumzia gharama. Isitoshe, yeye ametaja kilichosalia baada ya pango, umeme, usafiri, walinzi na kodi, na wewe umetaja kilichopo kabla ya hayo yote. Kwa miaka 11 mmekuwa mkishindana kwa mizani mbili tofauti.

Katika orodha yako ya gharama nimeona mbao, gundi, misumari, vanishi na mafundi wawili. Wewe mwenyewe sijakuona. Unaingia karakana asubuhi, unachora, unapima, unabishana na wateja, unafunga jioni, na ujira wako haumo kwenye bei. Mtu wa namna hiyo anapochukua fedha za nyumbani kutoka kwenye droo hudhani anakula faida, kumbe anakula mshahara ambao hakuwahi kujiandikia, na mwezi ukiwa mbaya anakula mtaji. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ningeongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenye daftari amejisahau kujiandika.

Sasa tuje kwenye maghala matatu ya rafiki yako. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa na shughuli nyingi zisizofanana, na wakuu wake walitaka kujua ipi inastahili kuongezewa fedha. Mmoja wa watumishi wake, Donaldson Brown, aliwaonyesha kwamba asilimia ya faida kwenye mauzo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni idadi ya mara ambazo mtaji unazunguka kwa mwaka, na ukizidisha hizo mbili ndipo unapopata kile ambacho mtaji umezaa. Rafiki yako akiuza mzigo wake wote na kununua mwingine kila mwezi, 3 yake inakuja mara 12, na 100 aliyoanza nayo imemzalia takriban 36 kwa mwaka. Wewe unanunua mbao, unazikausha, unazitengeneza, unasubiri mteja. Ubao wa unene wa inchi moja ukikaushwa kwa hewa, mafundi wengi huukadiria mwaka mzima. Ikiwa fedha zako zinazunguka mara moja na nusu, na baada ya gharama zote pamoja na ujira wako unabakiwa na 8 katika 100, mtaji umekuzalia 12. Hapo ndipo maghala yalipotokea.

Ukitaka kuona mchezo huu ukichezwa kwa ustadi, itazame Costco. Kampuni hiyo imejiwekea kikomo cha takriban 14 au 15 katika 100 cha kuongeza juu ya gharama ya bidhaa, na huweka rafuni takriban aina 4,000 tu za bidhaa, wakati duka kubwa la kawaida huweka makumi ya maelfu. Kwa kuwa aina ni chache na bei ni ndogo, mzigo hutoka haraka kiasi kwamba sehemu kubwa ya bidhaa huuzwa kabla siku ya kumlipa aliyezileta haijafika. Tena mteja hulipa ada ya uanachama ili aruhusiwe kuingia. Katika mwaka wa fedha wa 2023 ada hizo zilifikia takriban dola bilioni 4.6, wakati faida halisi ya kampuni nzima ilikuwa takriban dola bilioni 6.3. Ukisimama mlangoni utadhani wanauza bidhaa, lakini ukifungua vitabu vyao utaona kwamba sehemu kubwa ya faida imetokana na ruhusa ya kuingia.

Mkandarasi Mstaafu

Bibi Daftari amesema vizuri, lakini ameacha nusu ya ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na faida kitabuni na asiwe na fedha za kuwalipa vibarua siku ya Jumamosi. Hilo limenikuta mimi mwenyewe. Nilimjengea mteja mmoja jengo la ghorofa mbili kwa mkataba uliosema atalipa ndani ya siku 30 tangu kila hatua ya kazi kuidhinishwa. Alizoea kulipa baada ya siku 90, na mara moja zilifika 140. Nakumbuka Jumamosi moja nimekaa juu ya rundo la matofali, mkononi nina karatasi ya majina 23, na wenye majina wamesimama mbele yangu hawasemi neno. Kwenye karatasi, kazi ile ilikuwa na faida nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nililazimika kuuza mashine ya kuchanganyia zege ili nilipe ujira, kisha nikaikodi mashine ileile kutoka kwa aliyeinunua ili nimalize jengo.

Kuna jambo ambalo watu wa nje ya ujenzi hawalifahamu. Mteja huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi 5 katika kila 100, ili awe na uhakika kwamba mkandarasi atarudi kurekebisha kasoro. Kwa kawaida nusu hutolewa kazi inapokabidhiwa, na nusu nyingine hungoja miezi 6 au 12. Sasa fikiria mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa kubana bei hadi akabakiwa na faida ya 3 katika 100. Amejenga jengo zima, amekabidhi funguo, na karibu faida yake yote bado imo mfukoni mwa mtu mwingine. Ndiyo maana kazi ya ujenzi inawafilisi watu walio na kazi nyingi zaidi kuliko wasio na kazi. Mwenye kazi tano anamkopesha kila mteja wake, na wala hakuwahi kufungua benki.

Kampuni ya Carillion ya Uingereza ilijenga hospitali na barabara na kuhudumia shule na magereza, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 40,000. Mwaka baada ya mwaka ilitangaza faida na kugawa gawio. Mwezi Julai 2017 ilikiri kwamba mikataba yake ilikuwa imepewa thamani iliyozidi kwa pauni milioni 845, na Januari 2018 ikaanguka ikiwa na pauni milioni 29 taslimu dhidi ya madeni ya karibu pauni bilioni 7. Baadhi ya wakandarasi wadogo walikuwa wakisubiri malipo hadi siku 120, kwa hiyo ilipoanguka iliwaangukia wao. Faida ile ilikuwa imeandikwa kabla ya kazi kukamilika, kwa kukisia, na kila mwaka kisio la mwaka mpya lilifunika shimo la mwaka uliopita.

Geuza picha uone biashara ambayo mteja hulipa kwanza. Kampuni ya bima hupokea ada leo na kulipa fidia kesho kutwa, au baada ya miaka 10, au isilipe kabisa. Warren Buffett alipoinunua kampuni ya bima ya National Indemnity mwaka 1967 kwa dola milioni 8.6, Berkshire Hathaway yake ilikuwa bado inahangaika na kiwanda cha nguo kilichokuwa kikififia. Alichokinunua hasa ni fedha za watu zinazokaa kwake kati ya siku ya ada na siku ya fidia, ambazo katika muda huo aliweza kuzizalisha. Kampuni ya bima inaweza kulipa fidia na gharama zinazolingana na ada zote ilizokusanya, isibakiwe na chochote katika kazi yenyewe ya bima, na bado ikatajirika. Fundi seremala akifanya hivyo, anafunga.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujauliza faida yako ni ngapi, uliza kwanza ni nani anayekaa na fedha za nani, na kwa siku ngapi.

Mchuuzi Mpya

Jibu ni fupi. Fanya kama Gillette: toa kipini cha wembe kwa bei ya kutupa, kisha kula faida kwenye nyembe. Uza kitanda kwa hasara, upate kwenye magodoro.

Fundi Injini

Ndugu Mchuuzi, hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kuliko ilivyokaguliwa. King Gillette alipata hataza zake, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wake, mwaka 1904, na kwa miaka yote ambayo hataza zilimlinda aliuza kipini kwa dola 5, bei ambayo wakati ule ilikuwa kubwa mno kwa kifaa cha kunyolea. Alianza kukiuza kwa bei nafuu mwaka 1921, hataza zilipokwisha na washindani wakawa huru kumwiga. Alipokuwa na ulinzi alikula huku na huku. Ulinzi ulipoondoka ndipo akaukumbuka ukarimu. Hata kwa mleta mada ushauri wako una shimo, kwa sababu anayenunua kitanda kwako hana kinachomlazimisha kununua godoro kwako. Mtindo huo hufanya kazi pale tu ambapo cha kwanza kinamfunga mnunuzi kwenye cha pili, kama mashine ya kuchapia inavyomfunga kwenye wino wake.

Mimi ni fundi wa injini za ndege, na katika kazi yetu kufungwa huko kunaonekana kwa macho. Injini mpya huuzwa kwa punguzo kubwa sana, na mara nyingine mtengenezaji habakiwi na kitu, au hata hupata hasara. Faida yake inakuja katika miaka 20 au 30 ya vipuri na matengenezo. Tunapoikagua injini tunaingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo, tunaizungusha rota polepole kwa mkono, na mapanga ya tabini yanapita mbele ya kioo moja baada ya jingine. Ufa wa milimita chache kwenye ukingo wa panga moja unaweza kuamua kama injini inabaki kwenye bawa au inashushwa. Kila panga lazima litoke kwa mtu aliyeruhusiwa kulitengeneza, na watu hao ni wachache.

Ninachotaka mleta mada akione ni namna ya kulipia. Zamani mwenye ndege alilipa kila injini ilipoharibika, kwa hiyo mtengenezaji alipata faida kutokana na uharibifu. Mwaka 1962 Bristol Siddeley, ambayo baadaye ilichukuliwa na Rolls-Royce, ilianza kuwatoza wenye ndege zilizotumia injini yake ya Viper kiasi kisichobadilika kwa kila saa ya kuruka, na matengenezo yakawa mzigo wake yenyewe. Tangu hapo, injini inayodumu bila kuguswa humfaidi aliyeitengeneza. Mimi nimefanya kazi chini ya mikataba ya aina zote mbili, na ninawaambia kwamba hata sauti ya simu kutoka kiwandani hubadilika: chini ya mkataba wa saa, wao ndio wanaopiga kwanza kuuliza kwa nini joto la injini fulani limepanda. Upande wa pili wa mtindo huu ulionekana mwaka 2020 ndege zilipokaa chini kwa sababu ya UVIKO-19. Saa hazikuhesabiwa, na Rolls-Royce ikapata hasara ya mabilioni ya pauni ilhali injini zake zilikuwa nzima.

Kuhusu mashirika ya ndege yenyewe, kiti si mahali pekee pa kutafuta faida. Mwaka 2021 American Airlines ilipotafuta mkopo wa dola bilioni 10, iliweka rehani mpango wake wa pointi za wasafiri, kwa kuwa benki zinazotoa kadi hununua pointi hizo kwa fedha taslimu ili ziwagawie wateja wao. Ryanair nayo hupata takriban theluthi ya mapato yake kwenye mizigo, uchaguzi wa viti na huduma nyingine zinazoizunguka tikiti.

Mfamasia wa Zamu

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, lakini naona wachangiaji wote wanazungumza kana kwamba mnunuzi siku zote anaweza kusema hapana na kuondoka. Mteja wa mleta mada akiona meza ni ghali, atakula juu ya meza ya zamani. Mgonjwa wangu hana meza ya zamani. Kwa hiyo kutafuta faida kwenye kazi yetu, ingawa hesabu zake ni zilezile, si tendo lilelile.

Ninajua upande wa watengenezaji. Dawa mpya huchukua miaka 10 hadi 15 kufika kwa mgonjwa, na katika dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban 9 hazifiki. Hataza hudumu miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huisha maabara. Moja iliyofaulu inapaswa kuzilipia zile 9, na mtu asiyetaka kulielewa hilo asishangae dawa mpya zisipotokea. Lakini waliogundua insulini waliiuzia hataza yao Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kwa kila mmoja, wakitaka isiwe mali ya mtu mmoja. Baada ya karne nzima, sehemu kubwa kabisa ya insulini duniani inatoka kwa kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, na nchini Marekani bei zake zilipanda kwa miaka mingi hadi wagonjwa wengine wakaanza kupunguza dozi ili chupa idumu. Mwaka 2023 kampuni hizo zilitangaza kushusha bei ya baadhi ya aina kwa 70 katika 100 au zaidi. Kama bei inaweza kushuka kiasi hicho na kiwanda kikaendelea kufanya kazi, mtu ana haki ya kuuliza ilikuwa imepandia nini.

Kisa kilichoudhi wengi zaidi ni cha Daraprim, dawa iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1953. Mwaka 2015 kampuni ya Turing, iliyoongozwa na Martin Shkreli, iliinunua haki ya kuiuza Marekani na kuipandisha kutoka dola 13.50 kwa kidonge hadi 750. Kidonge kilikuwa kilekile.

Bibi Daftari

Mfamasia, sina neno la kukupinga, ila niongeze kitu kimoja kwa sababu kinalihusu swali la mwanzo. Dawa ya mwaka 1953 haikuwa na hataza tena, kwa hiyo sheria haikumzuia mtu yeyote kuitengeneza. Kilichomlinda Shkreli ni udogo wa soko, ambao haukumvutia mshindani, pamoja na usambazaji uliofungwa makusudi ili mshindani asipate hata vidonge vya kutosha kufanyia majaribio ya kulinganisha. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani ilimwamuru arudishe dola milioni 64.6 na kumpiga marufuku ya maisha katika biashara ya dawa. Ninapokagua vitabu na kukuta faida kubwa kupita kiasi, sijiulizi kwanza mwenyewe ana akili kiasi gani. Ninatafuta mlango uliofungwa, kisha ninauliza ni nani aliyeufunga. Wakati mwingine ni hataza halali, wakati mwingine ni ustadi ambao wengine hawajaufikia, na wakati mwingine ni hila.

Kwa mleta mada: umeuliza kama wote wanatafuta kitu kimoja. Angalia kila kazi inavyopima, na utaona kwamba kila moja inapima faida kwa kile kilicho adimu kwake. Maduka makubwa huhesabu mauzo kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kwa sababu sakafu haitanuki. Mashirika ya ndege huhesabu kwa kiti na kilomita, kwa sababu kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena. Hoteli huhesabu kwa chumba kwa usiku, mkulima kwa ekari. Kwako wewe, jiulize ni kitu gani kinaisha kwanza.

Randa na Msumeno (mleta mada)

Nimekaa na daftari kwa jioni tatu, na ninawashukuru, ingawa nilichokikuta hakikunifurahisha. Nilipojiandikia ujira sawa na wa fundi wangu mkuu, kilichobaki kilikuwa takriban 6 katika kila 100 ya mauzo, na mtaji wangu hauzunguki hata mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa yake imelala kwenye mbao. Rundo lililo nyuma ya mlango nililinunua miaka miwili iliyopita kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na nilipolisogeza nilikuta mchwa wameshalionja pembeni. Nilidhani nimeokoa fedha siku ile.

Jambo la pili limenishangaza. Kazi za ukarabati, yaani kubana viti vilivyolegea, kubadilisha bawaba na kupiga vanishi upya, nilikuwa nikizifanya kama fadhila kwa wateja wa zamani, na bei nilikuwa nikiitaja kwa aibu. Hazili mbao karibu kabisa, na mteja hulipa siku anapochukua kiti chake. Nilikuwa tayari kuandika kwamba nitaacha vitanda nifanye ukarabati peke yake, kisha nikalisoma swali la Bibi Daftari. Kinachoisha kwanza kwangu ni saa za mafundi, mtaji unafuata. Nikapiga hesabu upya kwa saa. Ukarabati wa kiti kimoja unakula saa tatu kwa sababu lazima gundi ya zamani ikwanguliwe kwanza, na kwa bei yangu ya aibu, saa hiyo inalipa chini ya saa ya kitanda. Kwa hiyo bei ya ukarabati nitaipandisha, na vitanda sitaviacha.

Limebaki suala la mkandarasi. Meza kubwa huchukua wiki tano, na wateja wangu wamezoea kulipa siku ya kuichukua. Nikiomba malipo ya awali wananiona kama simwamini mtu. Niombe kiasi gani bila kuwafukuza?

Mkandarasi Mstaafu

Usiombe nusu kwa sababu nusu inatamkika vizuri. Omba kiasi kinacholingana na mbao, vifaa vya chuma na vanishi ya meza hiyohiyo, na umwonyeshe mteja orodha yake. Anayekataa kununua mbao za meza yake mwenyewe anakuomba mkopo, na hapo unayo haki ya kukataa kwa adabu. Fedha hizo usizichanganye na za karakana. Ziweke kando kwa jina la kazi ile, uzitoe siku ya kununua mbao. Mimi nilizichanganya kwenye jengo nililowasimulia, na ndiyo sababu nyingine ya kuuza mashine ya zege ambayo sikuitaja pale juu.

Hilo rundo la nyuma ya mlango liuze wiki hii kwa bei yoyote utakayopata, kabla mchwa hawajafika upande wa pili.